UFA KATIKA CHUMA
Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi



Mafanikio ya miaka kumi yamekwisha tajwa na waliotutangulia kusema. Sisi wa ofisi tumeomba nafasi hii tueleze kosa moja, kwa kuwa gharama yake ilitoka mifukoni mwenu, na lawama yake ilimwangukia asiyestahili.

Mnaijua boti yetu ichukuayo nazi na mwani kutoka Moa hadi Tanga. Injini yake ni ya dizeli, na ubavuni mwake imefungwa manifoldi ya eksozi, yaani bomba nene la chuma cha kusubu likusanyalo moshi wa silinda zote na kuutoa kwa njia moja. Moshi huo una moto mkali. Kwa hiyo bomba lina kuta mbili, na baina yake hupita maji ya bahari ya kulipoza. Upande mmja moto, upande wa pili chumvi: chuma hicho huliwa kotekote. Tena majani yakiziba tundu la kuvutia maji, chuma hupata moto kupita kiasi. Na maji baridi yakirudi ghafula, hupasuka kama chungu kilichotoka jikoni.

Baharia wetu aliziona dalili mapema. Asubuhi injini ilipowashwa ilitoa mlio wa tiki-tiki, nao ulififia chuma kilipopata moto na kutanuka. Masizi yalijichora ubavuni, na kando yake chumvi nyeupe. Alikifuta chuma kikiwa baridi, akakipaka mafuta ya taa, akakifuta tena, kisha akanyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha katika ufa yakatoka, yakachora mstari mwembamba juu ya chaki. Akaja ofisini akasema: "Mabwana, manifoldi hii imekwisha, inunuliwe nyingine."

Sisi tukatazama bei, tukaagiza ufa uchomelewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulidhani tumewatii. Kumbe chuma cha kusubu ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika. Kikichomelewa pasipo kupashwa moto chote na kupozwa polepole, hupasuka tena kando ya kiungo.

Majuma machache baadaye, msimu wa kaskazi, boti ilitoka Moa na shehena ya mwani mkavu. Ilipopita Kwale injini ilizimwa kidogo, ili kipande cha wavu kilichozonga rafadha kiondolewe. Katika dakika hizo maji yaliyokuwa baina ya kuta yalipenya ufa wa ndani, yakaingia katika silinda. Injini ilipowashwa haikuzunguka. Maji hayashindiliki kama hewa. Lau baharia angalilazimisha, mkono wa pistoni ungalipinda. Hakulazimisha. Alifungua nozeli, akaizungusha injini kwa mkono, maji yakaruka nje. Kisha wakatweka turubai liwe tanga, upepo ukawasukuma hadi penye kisiwa cha Ulenge. Watu walisalimika. Lakini turubai hilo ndilo lililokuwa limefunika mwani, na mwani ukalowa.

Mjini Tanga fundi alifunga vali ya maji ya bahari, akalowesha nati kwa mafuta usiku kucha ili bolti zisikatike. Alisafisha mahali pa kukalia manifoldi, akapapima kwa rula ya chuma kuona kama pamenyooka, akatia gasketi mpya. Nati alizikaza kutoka katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa zamu tatu. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji, naye akaimwaga yote. Injini ilipokwisha kufanya kazi na kupoa, alizikaza nati tena. Hivyo tulilipia kuchomelea, tukalipia manifoldi mpya tuliyoikataa mwanzo, na akina mama wa mwani wakakosa bei yao.

Katika mkutano uliofuata baadhi ya wanachama walitaka baharia afukuzwe, nasi tulinyamaza. Leo twasema mbele yenu: baharia alitwambia, na sisi hatukusikia. Twamwomba radhi, na akina mama twawaomba radhi.

Tangu hapo boti ina daftari. Kila dalili huandikwa siku ile ile ionekanapo, na ofisi hujibu kwa maandishi. Na moshi ukinuka chini ya sitaha, hakuna safari, hata shehena ikiwa tayari; maana ndani ya moshi wa injini imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu mahali palipofungwa.

Ndugu wanachama, ziko nyufa za kuziba, na ziko za kubadilisha chuma kizima. Ajuaye tofauti ni yule aliye karibu na injini. Chama kisichomsikiliza mtu wake wa chini kina ufa ambao chaki haiwezi kuuonyesha.

Ushirika ni nguvu.