Fundi na Daftari Lake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Chake Chake, Pemba)

 

Nilipotakiwa nizungumze juu ya fundi anayejitegemea, nilicheka. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Mvua inyeshe au jua liwake, mwisho wa mwezi napokea mshahara. Lakini nimekubali kwa sababu moja: niliwahi kuwa fundi, nikashindwa. Aliyewahi kutumbukia shimoni anaweza kuwaonyesha wenzake lilipo.

Mwaka 1997 nilimaliza Kidato cha Nne. Ami yangu alikuwa fundi seremala hapa mjini, na tangu udogo wangu nilikuwa nikimsaidia, hata nikajua kutumia msumeno, randa na patasi. Nilipokuwa nikingoja majibu ya mtihani, ami akaugua, na kazi yote ikabaki mikononi mwangu. Ulikuwa bado msimu wa karafuu. Watu walikuwa na fedha, na kila aliyekuja na arbuni niliipokea. Sikumkatalia mtu.

Mzee mmoja alitoa nusu ya thamani ya kitanda cha harusi ya mwanawe. Fedha yake nikanunulia mbao za kabati la mtu mwingine, maana arbuni ya huyo mwingine nilikuwa nimekwisha kuila. Siku tatu kabla ya harusi mzee alifika, akakuta hata mguu wa kitanda haujachongwa. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, harusi haingoji," akaenda kuazima kitanda kwa jirani.

Ami aliposikia aliniita, akasema, "Lete daftari, tujue nani anatudai." Daftari halikuwapo. Ikabidi auze vyombo vyake vyote vya kazi, isipokuwa randa moja, ili arejeshe fedha za watu. Kibanda kikafungwa. Mimi nikarudi kusoma, hata nikafika Chuo Kikuu. Watu hunipongeza kwa elimu. Hawajui kuwa ililipiwa kwa aibu ya mtu mwingine.

Sasa niseme niliyojifunza.

Kwanza, ujuzi wenyewe. Zamani ulipatikana kwa kukaa na fundi miaka, na njia hiyo bado ni njema. Leo kuna pia Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye kituo Vitongoji. Na kazi zimebadilika. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo ulipofika umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya huo umefungua kazi za kutia umeme majumbani, kutengeneza mafriji na kuchomelea mageti. Kijana aangalie kazi inakoelekea.

Pili, bei. Fundi wetu wengi hukisia. Tuseme kitanda kimechukua mbao za shilingi 180,000, misumari, gundi, msasa na vanishi 30,000, na gari 10,000. Jumla 220,000. Ukiuza 260,000 utadhani umepata 40,000. Lakini ikiwa umekifanya kwa siku 8, umepata shilingi 5,000 kwa siku, na humo hamna umeme, kodi ya kibanda, chakula cha mwanafunzi wako, wala akiba ya kununua msumeno huo utakapokwisha. Fundi asiyejihesabia ujira wake anamfanyia mteja kazi ya bure bila ya yeye kujua.

Tatu, arbuni. Arbuni si mali yako mpaka kazi imekwisha; ni amana. Mbao za mtu zinunuliwe kwa fedha ya mtu huyo, siku hiyo hiyo, na zitiwe alama ya jina lake. Ukiwa na kazi nne mkononi, wa tano mwambie ukweli: "Mpaka mwezi ujao." Huenda akakasirika, lakini atarudi. Wa "njoo kesho" harudi.

Nne, daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina, kazi, bei, kilicholipwa, kilichobaki, na siku uliyoahidi. Mteja aweke saini yake, nawe uweke yako. Halafu mfuko wa kazi uutenge na mfuko wa nyumba. Jilipe ujira maalumu kila wiki, na kinachozidi kikae benki. Ukitaka samaki, nunua kwa ujira wako, si kwa misumari ya mtu.

Tano, msimu. Kisiwa chetu kinaishi kwa karafuu, na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mavuno yakiwa mazuri watu hujenga na kuoza. Yakiwa mabaya fundi hupiga miayo kibarazani. Basi fedha ya mwaka wa neema igawe, uwekee mwaka wa ukame. Tafuta na kazi zisizotegemea karafuu, kama madawati ya skuli na milango ya maofisi. Lakini ofisi hailipi bila ya risiti, kwa hiyo jisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, upate na namba ya kodi.

Sita, uzee. Mimi nikistaafu nitapata kiinua mgongo. Fundi akishikwa na mgongo hapati kitu ila alichoweka. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998, una mpango wa hiari kwa waliojiajiri. Lau ami yangu angekuwa na akiba kama hiyo, asingeuza vyombo vyake kwa kosa langu.

Mwisho nina neno kwenu wenzangu wenye mishahara, na najihesabu humo. Aghlabu sisi ndio tunaowaua mafundi. Tunachukua kabati kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, na miezi mitatu inapita. Fundi akija tunamwambia mtoto aseme hatupo. Kisha tunasimama majukwaani tukiwahimiza vijana wajiajiri! Ahadi ni deni, kwa fundi na kwa mteja vile vile. Mwenye deni la fundi humu ukumbini alilipe kabla ya mkutano wetu ujao.

Yule mzee wa kitanda alikwisha kufariki, na sikupata kumwomba radhi. Ile randa iliyosalia ninayo. Naikabidhi leo kwa Mwalimu Mkuu, apewe kijana atakayependa kuitumia, kwa sharti moja: pamoja nayo nimeweka daftari tupu. Avichukue vyote viwili, asichukue kimoja.