Sura Si Ushahidi

Katika Rugerero, mwendo mfupi kutoka mji wa Gisenyi, pamejengwa kaburi la kumbukumbu la watu waliouawa mwaka 1994. Nchini Rwanda mwaka huo watu wengi walikamatwa na kuuawa penye vizuizi vya barabarani. Aliyesimama kizuizini hakuuliza mtu huyu amefanya nini. Alidai kitambulisho, akatazama mstari wa kabila. Mstari huo uliwekwa na wakoloni wa Kibelgiji katika miaka ya 1930, na serikali zilizofuata uhuru wa 1962 hazikuufuta.

Mkenya Mutuma Ruteere ametumia miaka mingi kuchunguza polisi, ubaguzi na haki za watu. Kuanzia 2011 hadi 2017 alikuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 2015 aliliarifu Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva juu ya desturi ya polisi kumshuku mtu kwa rangi au kabila lake. Hoja yake yafaa isikilizwe na kila mwenye sare: desturi hiyo, licha ya kuwa ni dhuluma, haisaidii hata kazi yenyewe ya kukamata wahalifu.

Wapo maofisa wasemao kwamba huo ni uzoefu wa kazi. Lakini uzoefu wa askari ni kutambua vitendo: dereva anayegeuza gari aonapo taa ya doria, namba ya gari iliyochezewa, maelezo yasiyolingana. Kabila si kitendo.

Nchini Kenya, katika operesheni ya Usalama Watch ya Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, hasa Eastleigh jijini Nairobi, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Uwanja wa michezo ni mahali pa ajabu pa kutafutia jambazi. Wengi waliachiliwa baada ya kukaguliwa. Na katika mtaa uliotendewa hivyo, mama muuza duka aliyemwona mgeni wa kutiliwa shaka hatakimbilia kituoni kutoa habari, atafunga mlango.

Baada ya 1994 Rwanda iliuondoa mstari ule. Askari wa zamu Rugerero akipokea kitambulisho leo, husoma jina, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, akalinganisha picha na aliye mbele yake. Yaliyobaki hana budi kuyauliza.