Mkia wa Neno na Haki ya Binti

Leo twapenda kunena habari za Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na hasa jinsi walivyowataja watoto wao.

Katika Kiswahili jina hugeuka kichwani: mtoto, watoto. Katika Kilatini hugeuka mkiani, na mkia huo ndio uonyeshao kazi ya neno. Mvulana ni puer, msichana ni puella. Tukisema puer puellam vocat, maana yake mvulana amwita msichana. Tukipindua, puellam puer vocat, maana ni ile ile, kwa kuwa m ya mwisho yatuambia kwamba msichana ndiye aitwaye. Bali puerum puella vocat, hapo msichana ndiye aitaye. Sisi twatambua zaidi kwa mahali pa neno. Wao walitambua kwa mkia.

Majina yenyewe yana mafunzo. Mtoto mchanga aliitwa infans, yaani asiyesema. Watoto wa nyumba waliitwa liberi, neno lililo sawa na lile la watu huru. Naye mtumwa, hata akiwa mtu mzima, aliweza kuitwa puer, kana kwamba hakui kamwe.

Tena mkia mdogo uliweza kuleta daawa. Filius ni mwana wa kiume, filia ni wa kike. Kwa kanuni, "kwa wana" ni filiis, na "kwa mabinti" ni filiis vile vile. Basi nani apewaye mali? Kwa hiyo, palipotakiwa kuwatenga, waliandika filiabus kwa mabinti.

Hata hivyo mashauri hayakukoma. Katika Digesta, kitabu cha sheria kilichotolewa kwa amri ya Kaisari Justinianus mwaka 533, imeandikwa habari ya wasia uliotaja filius tu. Mwanasheria Labeo alisema binti hamo. Proculus alisema yumo. Javolenus akapima, akaona kwamba Labeo amefuata umbo la maneno, na Proculus nia ya mwenye wasia. Naye hakukubali neno la Labeo.

Kwetu "wana" huwakusanya wa kiume na wa kike. Lakini mwenye kuandika wasia na ataje kila mtoto kwa jina lake, binti naye, asije mtu akamnyima haki yake kwa neno moja.