Urithi wa Moyo na Mazoezi ya Mwili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema juu ya jambo litupasalo sisi tukaao kitini tangu asubuhi hata jioni.

Wamo kati yetu waliofiwa na baba kwa maradhi ya moyo, tena ghafula, kabla ya uzee. Hao hunena namna mbili. Mmoja husema, "Maji hufuata mkondo. Baba alianguka, nami nitaanguka. Ya nini kujitaabisha?" Mwingine husema, "Mimi hucheza mpira; maradhi ya baba hayanipati." Twaona wote wawili wamekosea, na kosa la kila mmoja laweza kumwua.

Na tuanze na yule wa kwanza. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva hukaa kutwa. Kondakta hupanda na kushuka ngazi. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Vivyo hivyo katika Posta, wapeleka barua waliokwenda kwa miguu na kwa baisikeli walipata nafuu kuliko makarani wa mezani. Ndugu, makarani hao ni mfano wetu. Lakini haki na isemwe: mwaka 1956 Morris mwenyewe alionyesha, kwa vipimo vya sare zao, kwamba madereva walikuwa na viuno vinene zaidi. Basi huenda si kiti peke yake kilichowadhuru.

Tena habari hizo hazikuuliza urithi. Swali hilo lilichunguzwa mwaka 2016, katika watu zaidi ya 55,000. Miongoni mwa wenye urithi mzito, wale walioshika walau mambo matatu katika haya manne, yaani kutovuta tumbaku, kutonenepa kupita kiasi, kufanya mazoezi na kula vema, hatari yao ilikuwa pungufu kwa 46 katika mia kuliko wale walioshika moja tu au wasioshika hata moja. Hesabu hizo hazithibitishi kila kitu, lakini zatosha kumwondolea mwenzetu kukata tamaa.

Sasa yule wa pili. Huko Marekani alikuwako James Fixx, ambaye baba yake alishikwa na moyo akiwa na miaka 35, akafa akiwa na 43. Fixx alikuwa mnene na mvutaji wa sigara. Alipofika miaka 35 akaanza kukimbia, akaacha tumbaku, na mwaka 1977 akatoa kitabu kilichowavuta watu wengi kwenye mbio. Mwaka 1984, akiwa na miaka 52, alianguka akafa akikimbia. Alipopasuliwa, mishipa ya moyo wake ilionekana imeziba. Alimpita baba yake kwa miaka tisa. Kama mbio ndizo zilizompa miaka hiyo, hakuna awezaye kuapa. Ila yajulikana ya kuwa hazikumfutia urithi wake. Tena karibu mtu mmoja katika 250 huzaliwa na urithi uzidishao kolesteroli katika damu. Huyo mazoezi peke yake hayamtoshi, bali ahitaji dawa za daktari.

Basi yatupasa nini? Tuwaulize wazee wetu ni maradhi gani yaliyowaua jamaa, na kwa umri gani. Twende tukapimwe damu na shindikizo lake. Tutembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Na mtu akibanwa na kifua akitembea, asijikaze. Aache, amwendee daktari upesi.

Sisi makarani twajua hesabu. Urithi huu ni deni tuliloachiwa. Mazoezi hulipunguza, wala hayaichani hati. Asiyelipa kitu hukosa, na alipaye kidogo akadhani deni limekwisha hukosa vilevile.