Mtaalamu na Mkaazi: Elimu Nusu kwa Nusu



Aprili 2024 mafuriko yaliingia Mathare na Mukuru. Watu walipoteza jamaa na mali. Je, hakuna aliyejua? Tahadhari ya mvua kubwa ilitolewa. Lakini mtaalamu wa hali ya hewa aliyeko Dagoretti Corner anajua mvua inakuja. Hajui mtaro wa nyuma ya ploti yenu umeziba. Hilo walijua wewe. Basi yeye ana nusu ya elimu, na wewe una nusu.

Tazameni Mukuru. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza mtaa huo kuwa eneo la mipango maalum. Muungano wa Wanavijiji ukakaa na wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na wengineo. Wakaazi wakatoa hesabu za nyumba, maji na vyoo. Wasomi wakachora ramani. Kuanzia 2020 barabara na mabomba ya majitaka yakaanza kujengwa. Kazi haijaisha, mafuriko yale ni ushahidi, lakini mlango umefunguka.

Sasa wewe kijana wa Kayole, Dandora au Umoja, usingoje kuitwa. Baada ya tarawehe fanyeni shura. Andikeni maji yalifika wapi, mitaro ipi imeziba, wagonjwa gani hawawezi kukimbia. Orodha hiyo ifike kwa chifu, kwa MCA na kwa wasomi. Na utabiri ukitoka, upitisheni mlango hadi mlango kwa lugha ya mtaani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ramadhan Kareem.