Pikipiki Ndefu na Miguu Mifupi

Mazungumzo na wamama siku ya kliniki, Makobola

Wenye kunyonyesha wanyonyeshe tu; mtoto akilia si kitu, tutasikilizana.

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala uji. Tunazungumza juu ya pikipiki. Musicheke! Nani kati yetu hakupanda pikipiki mwaka huu? Katika barabara namba 5, toka Uvira kupita hapa Makobola, Swima, Mboko mpaka Baraka, ndiyo inabeba unga wa muhogo, ndagala, mgonjwa, na mama mwenye uchungu anayepelekwa Hospitali ya Nundu. Na pesa ya kuinunua mara nyingi inatoka ku muhogo na samaki tunaouza sisi wenyewe. Basi tuna haki ya kuuliza juu yake.

Nitawaeleza kosa langu. Mimi ni mfupi, munaniona. Nilitaka pikipiki ya kuja kazini na kurudi nyumbani. Nikapata moja iliyotumika, Yamaha DT, ile ndefu ya njia mbaya. Bei ilinipendeza, injini ililia vizuri, nikalipa. Sikukaa juu yake kwanza. Nilipoipanda, ncha za vidole tu ziligusa chini. Nikasema, "Nitazoea."

Siku moja nilibeba mama mwenye mimba. Mbuzi akakatiza, nikasimama. Mguu wangu ukatafuta chini, kumbe pale palikuwa shimo. Tukaanguka, na pikipiki ikatulalia. Hatukuwa na mwendo hata kidogo. Bomba la moshi likamchoma mguu. Mtoto alibaki salama, lakini kovu la mama yule liko mpaka leo, na lilitoka ku haraka yangu.

Kwa hiyo, wamama, sikilizeni mambo matatu.

1. Kabla ya kulipa

Atakayeendesha ndiye akae juu yake, si fundi mrefu wala muuzaji. Avae viatu vyake vya kila siku. Sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili ikae imara chini. Kama ni vidole tu, asinunue haraka. Ikipatikana pikipiki fupi yenye nguvu ya kutosha, hiyo ni bora kuliko kuishusha ndefu.

Kwa sababu ni ya zamani, angalieni pia: breki zote mbili zinashika? Magurudumu hayachezi? Nguzo za mbele hazivuji mafuta? Matairi hayajaisha? Namba iliyopigwa ku chuma ni ile ya ku karatasi? Ikiwa si moja, acheni. Munaweza kununua kitu cha wizi.

2. Kuishusha

Inawezekana, lakini kwa fundi mwenye akili. Aanze na kiti: apunguze sponji sentimita 2 au 3, asifike mpaka chuma. Mara nyingi hiyo inatosha.

Kama haitoshi, springi ya nyuma ina pete ya kukaza. Ikilegezwa, pikipiki inashuka kidogo mtu akikaa. Lakini ikilegezwa sana, siku ya watu wawili na gunia itagonga chini. Mbele, nguzo mbili zinapandishwa kidogo katika vishikio vyake, kushoto na kuume sawasawa kabisa. Mbele na nyuma zishuke pamoja. Ikishuka upande mmoja tu, usukani unabadilika. Kisha fundi aikandamize kwa nguvu aone kama gurudumu haligusi kitu. Springi isikatwe kamwe!

Na kitu wengi wanasahau: mguu wa kuegeshea. Pikipiki ikishuka, mguu ule unakuwa mrefu mno. Pikipiki inasimama wima, upepo au mtoto akiisukuma, inamwangukia. Mguu huo upunguzwe pia, na mnyororo upimwe tena. Mukumbuke pia kwamba sasa tumbo la pikipiki liko karibu na mawe. Mupite polepole.

3. Sisi tunaobebwa

Vaa kofia ya chuma na uifunge kidevuni. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Kofia iliyotundikwa ku usukani haisaidii mtu.

Funga kitenge vizuri, kisiingie ku mnyororo. Usiweke mtoto mbele juu ya tangi. Pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande wa kuume, basi shuka kwa upande wa kushoto.

Ukichomwa, mwaga maji safi ya baridi juu ya kidonda kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, uje kituo cha afya.

Mwenye mimba akianguka, hata polepole, hata bila maumivu, aje siku ileile tumpime. Akiona damu au maji, au mtoto hachezi, asingoje hata saa moja.

Pikipiki yangu niliishusha: kiti kwanza, kisha mbele na nyuma kidogo. Leo nyayo zangu zinakaa chini. Mama yule alipokuja kuchanja mtoto wake, nilimwomba nimrudishe nyumbani. Akaniambia, "Dada, simama kwanza nione miguu yako." Aliitazama vizuri, halafu akapanda.

Nanyi mufanye vile. Kabla ya kupanda, tazameni miguu ya dereva. Ikining'inia, ngojeni nyingine.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nani ataiendesha pikipiki yetu, na miguu yake inafika?
2. Baada ya kuishusha, mguu wa kuegeshea ulipunguzwa?
3. Tuna kofia ngapi, na watu wangapi wanapanda?

Sasa mulete watoto ku mizani.