Kilauri kimoja, siku nzima ya kazi

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana, Lubumbashi

 

Hapa tunasemaka mara mingi juu ya maji, juu ya barabara, juu ya umeme. Leo tuseme juu ya usiku. Kuko vijana wengi wa muji huu ambao kazi yao inaanza wakati wengine wanafunga milango, na hakuna mutu anayewasemea.

Mumeona wenyewe. Pale Ville, pale Golf, na sasa mupaka Kamalondo, kunafunguliwa bar za koktel. Tulizoea nganda: viti vya plastiki, Simba ama Tembo ya baridi, nyama ya mbuzi, muziki, na mama mwenye fasi anakujua kwa jina. Leo ni launji. Taa za rangi, viti vya ngozi, mulinzi pa mulango anaangalia viatu vyako kabla ya uso wako, na karatasi ya bei imeandikwa kwa dola.

Tuseme wazi tangu mwanzo: siye hatukukuja kupigana na koktel. Kijana aliyefanya kazi na makuta yake ni ya haki, akae pa kiti kizuri, anywe kitu kizuri. Historia ya muji huu inatufundisha hivyo. Wakati wa ukoloni, Élisabethville ilikatwa vipande viwili: Ville ya Wazungu huku, cité ya weusi kule, na katikati eneo tupu walilolipa jina la zone neutre. Kamalondo, iliyoitwaka Albert, ilikuwa upande wa weusi. Mutu mweusi hakutembea Ville usiku namna anataka. Hata kinywaji kikali kilikatazwa kwake mupaka miaka ya 1950. Kwa hiyo mutu asituambie kwamba kilauri kizuri si cha mutoto wa Kamalondo.

Neno letu ni lingine. Nani analipia ile mwangaza?

Tupige hesabu pamoja. Mushahara wa chini kabisa wa serikali, ile tunaitaka SMIG, ulikuwa 7.075 franka kwa siku tangu 2018. Mwaka 2025 ukapandishwa 14.500, na tangu mwezi wa kwanza 2026 ni 21.500. Enda kwa cambiste, uliza: 21.500 ni karibu dola 10, ama chini yake. Sasa tuchukue koktel moja ya dola 10. Dada anayeibeba kutoka kwa barmani mupaka pa meza yako, siku yake nzima kwa sheria haipiti sana kile kilauri kiko mukononi mwake. Anabeba vilauri makumi kwa usiku mumoja. Na hapo tunasema juu ya ule analipwa kwa sheria.

Wengine tunawajua, ni wadada zetu, ni majirani. Wanatuelezaka mambo ambayo yanafanana kutoka bar moja mupaka ingine. Anaingia saa kumi ya magaribi kupanga viti, anatoka saa kumi ya usiku. Hana karatasi yoyote. Mwezi wa kwanza anaambiwa ni "majaribio", hatalipwa. Akimaliza majaribio anaambiwa asirudi, na mwingine anaanza majaribio yake. Mushahara ni "pourboire", maana yake mushahara wake unalipwa na wewe, kama umefurahi. Kilauri kikipasuka, anakatwa. Muteja akikimbia bila kulipa, anakatwa yeye. Muteja akimushika, anaambiwa acheke, juu ule bwana "ni client mukubwa". Akilalamika, patro anamujibu: "Kama hutaki, bengine beko inje banangoja."

Na kweli beko inje. Hapo njo nguvu ya patro inatoka. Njaa yetu njo inafanya bei ya kazi yetu ianguke. Lakini njaa haifute sheria. Musikilize vizuri, na mushike vichwani:

Moja. Code du travail ya Kongo, sheria 015-2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema kontra iwe ya maandishi. Kama patro hakuandika, kosa si lako. Sheria inahesabu kwamba una kontra isiyo na mwisho, na unaweza kuonyesha kwa njia yoyote kwamba ulitumika pale: ujumbe wa simu, picha, mashahidi. Kwa hiyo, "hatukuandikiana kitu" si jibu.

Mbili. Sheria ile ile inaweka kazi ya saa 45 kwa juma. Saa kumi ya magaribi mupaka saa kumi ya usiku, siku sita, ni saa 72. Tafuta mwenyewe zile 27 zinalipwa wapi.

Tatu. Sheria inataja mambo gani yanaweza kukatwa kwa mushahara: kodi, CNSS, avansi uliyochukua, na mengine machache. Deni la muteja aliyekimbia haliko kati yao. Ile ni hasara ya biashara, na biashara si yako.

Ine. Kusumbua mutu kwa mambo ya mwili ni kosa la kwenda tribinali tangu sheria 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006. Haijalishi kama client amenunua chupa ya dola 200. Amenunua chupa, hakununua mutu.

Patro naye tumusikilize, juu haki haina upande mumoja. Yeye anasema: "Chupa zangu zinapita Kasumbalesa, kila mutu wa pale anataka chake. Umeme unakatika, ninanunua mazuti ya groupe. Kila juma mutu wa komini anakuja na karatasi, ule wa provinsi na karatasi, ule wa polisi hata karatasi hana." Hiyo ni kweli, na siye tulisema juu ya zile taxe kabla yake. Lakini tumuulize: juu gani, kati ya wote wanaomukamua, unaamua kujilipia kwa ule mwenye nguvu kidogo kuliko wote? Yule wa polisi unamupa bahasha na tabasamu. Dada wa pa meza unamukatia kilauri. Kama uko na uchungu juu ya kukamuliwa, kuya tuseme pamoja juu ya wanaokamua. Usikamue naye.

Kisha kuko majirani. Delestaje inapopita, avenyu nzima iko giza, mama anapika na makala, mutoto anasoma na torche ya simu. Nyuma ya ukuta, groupe inaunguruma mupaka asubui na muziki juu yake. Mugonjwa halali, mwanafunzi halali. Na barafu ile iko ndani ya kilauri, ni maji. Kuko nyumba za muji huu ambazo robine imekauka, watoto wanabeba bidon kabla ya masomo. Hatusemi bar isipate maji. Tunasema kama bar inachimba forage na kuweka umeme kwa ajili ya barafu, haishindwi kuweka robine moja inje kwa majirani na kupunguza muziki saa ya watu kulala. Komini inajua kufunga buvette ya mama mujane kwa "tapage nocturne". Ijue pia njia ya launji yenye magari makubwa pa mulango.

Sasa wewe, kijana unayeenda. Tusidanganyane, wengi kati yetu tunaenda, hata kama ni kugawana kilauri kimoja watu watatu na kupiga picha. Hatukukatazi. Tunakuomba mambo ya kawaida. Musalimie anayekuhudumia kwa jina lake. Uliza kwa upole kama pourboire inabaki kwake ama inaingia kwa kaisse. Ukiona rafiki yako anamushika dada wa pa meza, usicheke naye. Mushike mukono, mutoe inje. Kama fasi inajulikana haimulipi mutu, peleka makuta yako fasi ingine, na waambie wenzako juu gani. Patro anaogopa viti vitupu kuliko ispeksio.

Na siye kama vijana wa muji, tunaomba:

Inspection du Travail itembelee bar na launji usiku, saa ya kazi yao, na isitembelee ofisi ya patro saa nne ya asubui kwa kunywa kahawa.

Kila bar inayopewa ruhusa ya kufungua ionyeshe kwanza kontra za watumishi na namba zao za CNSS.

Mutumishi anayetoka kisha saa tano ya usiku arudishwe kwake kwa usafiri wa kazi. Muji huu unajua nini inapata wadada pa barabara saa ile.

Komini iandike saa ya kushusha muziki, na iwe moja kwa nganda na kwa launji.

Bei zionyeshwe pia kwa franka. Makuta ya nchi yetu hayapaswi kuona haya pa mulango wa bar ya nchi yetu.

Na nyinyi munaotumika usiku: andikeni. Kila siku, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kile ulilipwa, kile walikukata. Kwa simu ama kwa kaye, haijalishi. Musiende kwa patro mumoja-mumoja, juu mumoja anafukuzwa na kesho kiti chake kina mutu. Watumishi wa bar tano wakiwa na kaye tano zinazosema neno moja, hapo siye tuko tayari kutembea nao mupaka kwa ispeksio, na mupaka tribinali kama inahitajika.

Zamani waliweka eneo tupu kati ya Ville na cité ili tusionane. Leo hakuna eneo tupu. Anayekunywa na anayebeba wanatoka avenyu moja, mara ingine nyumba moja. Hatuna sababu ya kujifanya hatuonani.